Mashine Iliyosahau Jina la Mzee

Asubuhi hiyo niliondoka Kariobangi bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimelala kwenye kibanda cha fundi wa redio, juu ya magunia, na nilipoamka jua lilikuwa limeshapenya kwenye matundu ya mabati na kutia vidoa ukutani. Nikajua tu kwamba hapo nimemaliza. Ndivyo nilivyokuwa. Niliacha shule mapema, na tangu hapo nilikaa mahali mpaka nielewe kitu kilichonileta, kisha miguu ikaanza kuwasha. Redio nilikuwa nimezielewa. Kabla ya redio ilikuwa mizani za sokoni, na kabla ya mizani nilifagia chuo kimoja cha kompyuta mjini, ambako walimu wakienda kula mchana mimi nilibaki na vitabu vyao. Nikachukua mfuko wangu wenye bisibisi, koleo na testa, nikamwambia mwenye kibanda natoka kidogo. "Waya," akaniita, maana hilo ndilo jina walilonipa huko, "wewe ukitoka na mfuko hurudi." Nikacheka. Sikurudi.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mzee Wafula, huko kwao Bungoma, chini ya hema la kukodi lililokuwa likipigwa na upepo hadi mchungaji akasimama mara kadhaa kusubiri litulie. Nilisafiri kutoka mbali. Nilikaa nyuma nikiwa na programu ya mazishi mkononi, karatasi nzuri nene, jina la mzee juu kabisa kwa herufi kubwa, na nikamsikiliza mkwe wake, Mama Neema, akisoma maneno ya wakaza wana. Alisoma kurasa mbili. Alieleza kazi yake, kwaya yake, hasira yake fupi na kicheko chake kirefu, na tangu mwanzo hadi mwisho hakulitaja jina la marehemu hata mara moja. Wageni wengi hawakuona lolote. Mimi niliona, nikainamisha kichwa nisionekane ninatabasamu msibani, maana jina hilo lisilotajwa ndilo lililonipa mwaka mzuri kuliko yote ya ujana wangu.

Ulikuwa mwaka uliofuata mvua za El Nino. Barabara za Eastlands zilikuwa zimebaki mashimo, na kuta za nyumba nyingi zilikuwa na mstari wa matope uliokauka, kama soksi. Nilipita Umoja, nikakata Mutindwa wakati akina mama wanapanga sukuma na nyanya, nikatokea Buruburu. Siku hizo watu wa Buruburu walikuwa wameanza kuvunja nyua zao na kujenga vibanda getini: kinyozi hapa, duka la maziwa pale, saluni kwenye gereji. Nilipenda kutembea katikati ya hivyo vitu nikisoma mabango. Bango moja lilisema: TUNACHAPA KADI ZA HARUSI, PROGRAMU ZA MAZISHI, BARUA ZA KAZI. Chini ya bango hilo mwanamume mrefu, mweusi sana, kofia ya sufu kichwani, alikuwa ameshika mzingo wa waya wa kijivu kama mtu aliyekamata nyoka, akigombana na fundi aliyekuwa anafunga mkoba aondoke.

"Waya ni mzima, mzee," fundi alikuwa akisema. "Kadi ni nzima. Nimeweka hata betri mpya. Hiyo nyumba yako iombewe."

"Nyumba yangu inaombewa kila Jumatano," mzee akajibu. "Wewe nilikuita kwa kompyuta."

Fundi akaenda zake. Mzee akabaki na waya wake, akaniona nimesimama. Niliuliza mashine zinakataa nini hasa. Akanitazama viatu kwanza, kisha mfuko, kisha uso. Akasema, "Inasahau jina langu."

Hakuna mtu aliyewahi kunieleza tatizo la mashine namna hiyo. Nikaingia.

Nyumba ilikuwa hivi. Sebuleni kulikuwa na sofa zilizofunikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, saa kubwa ya ukutani kutoka reli, ambako Mzee Wafula alikuwa karani hadi alipostaafu, na kompyuta yake mezani chini ya kitambaa cha maua. Hapo aliandika nyimbo za kwaya ya kanisa lake. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa ofisi ya Mama Neema, na kompyuta ya pili. Na nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kamba za nguo, kulikuwa na chumba kidogo cha nje, kile ambacho Nairobi nzima inakiita eskyuu, na humo ndimo ilimokaa mashine kubwa pamoja na printa, kwa sababu printa hiyo ilipiga kelele kama posho mill ya kusaga unga. Waya ulitoka chumba hadi chumba ukipitia madirishani. Aliyefunga vitu vyote hivyo alikuwa mwana wa mzee, mume wa Mama Neema, kabla ya kwenda kufundisha Botswana. Na kwa heshima ya baba yake, mashine kubwa aliipa jina: Wafula.

Mzee alinieleza shida akiwa amesimama. Kila akituma wimbo uchapwe, kompyuta yake inasema Wafula haonekani. Akienda nyuma kutazama, anakuta mashine kubwa imejiita "mashine" tu, kama ilivyotoka dukani. Anairudishia jina lake, inafanya kazi. Siku mbili, tatu, imesahau tena. Mafundi walikuwa wamebadilisha waya, vichwa vya waya, kadi na betri. Sasa kanisa lilikuwa na mkutano mkubwa wa matawi yote, unaanza Jumamosi asubuhi, na kitabu kidogo cha nyimbo kilitakiwa kiwe mikononi mwa watu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Kesho jioni ikiwa bado iko hivi," akasema, kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia, "nyimbo nitazipeleka mjini zichapwe. Na hizi mashine kuna mtu wa gari, wa kununua vitu vikuukuu, anazitaka. Nitampa zote. Mama Neema ataenda nyumbani akaangalie shamba, mji si wa kukaa bila kazi."

Kutoka chumba cha mbele, sauti ya vidole juu ya herufi ilikatika. Kisha ikaanza tena, kwa kasi.

Alhamisi yote nilifanya makosa yaleyale ya mafundi walionitangulia, ila kwa furaha zaidi. Nilifuata waya kwa vidole kutoka dirisha hadi dirisha. Nilifungua vichwa nikavisafisha. Kisha nikakumbuka amri moja kutoka vitabu vya kile chuo, amri ndogo ya kubisha hodi: unaandika namba ya mashine nyingine, na ikiwa hai inaitikia. Nikabisha kutoka sebuleni kwa namba. Mashine kubwa ikaitikia papo hapo. Nikabisha kwa jina la Wafula. Kimya. Namba, inaitika, jina, kimya. Nakumbuka nilisimama katikati ya sebule ya watu nikapiga makofi. Waya ulikuwa hauna kosa lolote. Hata mashine zilikuwa hazina kosa. Kilichopotea njiani kilikuwa jina tu, na hicho ni kitu usichoweza kukikaza kwa koleo.

Nikamwambia mzee njia ya mkato: tutumie namba. Akanitazama kana kwamba nimemtemea mate.

"Kijana, reli nimeitwa kwa namba tangu nikiwa na meno yote. Namba ya kazi, namba ya nyumba, namba ya mshahara. Nimestaafu ili niitwe Wafula. Wewe unataka nirudi namba, ndani ya nyumba yangu?"

Njia hiyo ikafungwa. Usiku huo nililala kwa mlinzi mmoja niliyefahamiana naye Mutindwa, na asubuhi nilikuwa getini kabla ya mleta maziwa.

Sasa ninapotazama nyuma naona kwamba jibu nililiona Alhamisi hiyohiyo, mezani, nikalipita. Mchana mzee alinikaribisha chakula. Mama Neema alileta ugali na mrenda na kuku, akaweka karibu na mlango wa sebule, akagonga ubao kidogo kwa kifundo cha kidole, akarudi jikoni. Mzee alipoinuka kunawa mikono, yeye alipisha ujia. Mzee akienda nyuma kuangalia printa, yeye alibaki chumbani hadi amerudi. Yeye akienda nyuma, mzee alisoma gazeti. Nilidhani wamekosana. Kumbe ulikuwa upole mtupu: kwao, mkwe na baba mkwe hawabanani chumba kimoja, na hiyo ndiyo njia ya kuonyesha kwamba mnaheshimiana. Lakini adabu hiyo ilikuwa na jambo lake. Watu wawili waliotumia mashine moja hawakuwahi, hata siku moja, kukaa mbele ya kioo chake pamoja.

Ijumaa nilipewa chai jikoni, maana mzee alikuwa sebuleni na mwalimu wa sauti. Jirani mmoja, Mama Otis, alikuja kuomba chumvi na kukaa. Alikuwa mtu wa maneno, kanga mabegani, na alinisalimia "niaje fundi" kana kwamba tumesoma pamoja.

"Mama Neema," akasema, "nasikia mashine iligoma tena. Ati mnauza?"

"Ikifika jioni."

"Ile gani inasumbua? Si ile ya... inaitwaje vile?"

"Ile ya nje."

"Ya nje ina jina bwana. Si mzee wako mwenyewe aliniambia, akajisifu, ati mimi ni binadamu na ni kompyuta. Inaitwa Wa—"

"Mama Otis! Ishia hapo!"

"Ai! Yaani hata kompyuta unaionea haya?"

"Cheka tu. Nyinyi kwenu mnaita wakwe kama makonda."

"Sisi kwetu tunawaita wakikosea tu," Mama Otis akasema, wakacheka wote wawili hadi Mama Neema akashika sufuria isianguke.

Mimi niliweka kikombe chini. Nilingoja Mama Otis aondoke na chumvi yake. Kisha nikamuuliza Mama Neema, polepole, kama ni yeye ndiye anayeiita ile ya nje "mashine".

Alitazama mlango wa sebuleni, ambako sauti za mzee na mwalimu zilikuwa zinapanda. Akasema, "Kaka, wewe ungekuwa mimi ungefanya nini? Kila nikitaka kuchapa kadi, inaniambia niandike jina la baba mkwe wangu, ambalo kwetu mkwe halitaji. Kwa hivi vidole. Herufi kwa herufi. Halafu nigonge kitufe. Kugonga si kumwita? Tena si kumwita tu, ni kumtuma! Fulani, chapa kadi za harusi. Fulani, rudia, umekosea." Alianza kucheka, lakini macho yake yalikuwa yameloa. "Na siku ikikataa, inaandika jina lake pale, na mbele yake: haonekani. Mtu mzima, mzazi wangu, haonekani! Nilizima nikatoka nje. Tangu siku hiyo naenda huko nyuma naibadilisha. Nilitafuta jina lisilomkosea mtu. Mashine ni mashine. Lakini hainikubalii, kila mara inajirudisha."

"Haijirudishi," nikasema. "Inarudishwa."

Aliweka mkono mdomoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Usimwambie. Akijua kwamba nimelifuta jina lake, nitaenda shamba mwenyewe, sitangoja gari."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu Ijumaa ile: kuirekebisha mashine mbele ya mzee bila kumwaga lililokuwa ndani yake. Nilikwenda nyuma, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya printa, nikafikiri. Mashine hizi zilikuwa zinatafutana kwa kupaza sauti. Kompyuta ya sebuleni inaita kwenye waya, "Wafula yuko wapi?", na mwenye jina anaitika. Ndiyo maana lilitakiwa jina moja kwa wote. Lakini nikakumbuka kitabu kilisema mashine, kabla ya kupaza sauti, huchungulia kwanza kifaili kidogo ilichobeba yenyewe tumboni, namba upande mmoja na jina upande wa pili. Kila mashine ina chake. Na kinachoandikwa katika cha hii hakiihusu ile.

Nilisikia Neema, alikuwa mdogo bado, akipita uani akiita "Kuka! Kuka!", ndivyo watoto wa huko magharibi wanavyomwita babu, na mzee akiitika kutoka sebuleni. Mwalimu wa sauti alikuwa akimwita Mzee. Mama Otis, ng'ambo ya ukuta, alimwita Baba Ken, kwa jina la mwanawe. Mtu mmoja, na hakuna aliyeshindwa kumpata. Nilianza kucheka peke yangu na ile printa. Tangu jana nilikuwa nikitafuta jina litakalowafaa wote wawili, na katika nyumba ile hapakuwa na jina kama hilo, wala hapakuwa na haja nalo.

Nikairudishia mashine kubwa jina la Wafula, mara ya mwisho. Katika kompyuta ya mzee sikugusa kitu zaidi ya kuandika namba na jina lake, ili asihangaike tena. Kisha nikaketi kwa Mama Neema nikamuuliza: "Wewe peke yako, hakuna mwingine atakayeona. Ungependa kumwitaje?" Alifikiri kama mtu anayechagua kitambaa. Akasema, "Kuka. Kama mtoto."

Nikaandika namba ileile, na mbele yake kuka. Nikahifadhi. Nikabisha hodi: kuka. Kimya.

Nilibisha tena. Kimya. Mwalimu wa sauti alikuwa anaaga, nilisikia mzee akimsindikiza getini na kusema mtu wa gari atapitia jioni. Mama Neema alisimama nyuma yangu, na naweza kusema hadi leo hakuna kinachombana fundi kama mwenye mali aliyesimama mgongoni pake. Nilifungua kile kioo cheusi cha amri nikaagiza kinionyeshe mafaili, moja chini ya jingine, kwa majina kamili. Hapo nikaona. Programu niliyoandikia ilikuwa imeongezea faili langu mkia wa herufi tatu kwa siri, na mashine, iliyozoea faili lisilo na mkia, ilikuwa inalipita kama mtu asiyemjua. Nikalikata mkia.

Nikabisha: kuka.

Ikaitika. Mstari, mstari, mstari.

"Chapa," nikamwambia Mama Neema. Akainama juu ya bega langu, akagonga kitufe kwa kidole kimoja, kwa upole, kama alivyokuwa akigonga ubao wa mlango wa sebule. Na wakati huohuo mzee, ambaye hakuwa na subira ya kusubiri kuambiwa, alikuwa ameketi sebuleni akatuma wimbo wake. Huko nyuma ile printa ikanguruma. Tukakimbia wote, kila mtu kwa mlango wake, mzee kwa mlango wa sebule, sisi kwa wa jikoni, Neema katikati yetu akipiga kelele. Mama Neema akasimama kwenye kamba za nguo, hakuingia. Mimi na mzee tukaingia. Ilitoka kadi ya harusi ya watu fulani wa Baba Dogo, na nyuma yake, karatasi ikiwa bado ya moto, ukatoka wimbo wa kwanza wa kitabu. Kisha wa pili. Kisha kadi tena. Mzee alisimama na karatasi mikononi, huku wimbo, huku kadi.

"Zote mbili," akasema. "Hazijawahi kutoka siku moja." Kisha akanigeukia. "Ulifanya nini?"

Nilikuwa nimejiandalia uongo juu ya kadi na betri. Lakini mdomo wangu ulisema wenyewe: "Nimeifundisha adabu, mzee. Kila mtu sasa anaiita anavyostahili yeye kuiita."

Alinitazama. Akatazama mlangoni, ambako Mama Neema alikuwa akianika nguo zilizokwisha kukauka. Niliona jambo likipita usoni mwake taratibu, kutoka paji hadi kidevu, na nikafikiri nimeharibu kila kitu. Kisha akaanza kutikisika. Alicheka hadi akashika printa isianguke. Alikuwa na sauti ya besi, na ilisikika hadi kwa Mama Otis, aliyeuliza kutoka ng'ambo kuna nini. Mzee alisema kwa sauti kubwa, akiwa amenigeukia mimi, maneno yaliyomlenga mtu mwingine: "Mwambie aliyepika jana, yule kuku alikuwa mzuri sana. Na mtu wa gari akija, aambiwe hakuna kinachouzwa hapa."

Uani, kibanio cha nguo kilianguka. Hakikuokotwa kwa muda.

Baada ya mazishi mwezi uliopita nilimfuata Mama Neema alikokuwa akiwagawia wageni chai. Tulishikana mikono kwa muda mrefu. Ana mvi sasa, na duka la kuchapa lenye wafanyakazi. Nikamwonyesha programu, lile jina kubwa la juu, nikamuuliza kwa ukali wa mchezo: na hili ni nani aliandika? "Neema," akasema haraka. "Mimi nilianzia ukurasa wa pili." Akanitazama, tukacheka pale pale, na mama mmoja akatukemea kwa macho.

Lakini jioni ile ya Ijumaa hayo yote yalikuwa mbele. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kinatoka, ukurasa kwa ukurasa, na mzee aliketi akizipanga kurasa magotini. Jua lilikuwa bado linapiga mlango wa kile chumba cha nje. Aliniuliza ninalala wapi. Nikasema huwa natembea. Akaangalia ukuta wa ndani, ambako kilikuwa kimeegemezwa kitanda cha chuma kati ya maboksi ya karatasi, na akasema mashine kubwa inahitaji mtu wa kuilinda, kwa sababu inasahausahau. Alisema hivyo bila kutabasamu. Akatoa ufunguo kwenye pete yake, akaniwekea kiganjani.

"Na hata sijakuuliza. Unaitwa nani?"

Nikamwambia jina langu, lile kamili, ambalo Kariobangi hawakulijua. Akalirudia mara mbili kulizoea. Kutoka jikoni Mama Neema akaita kwamba Fundi aje achukue godoro, na Neema akaita, "Anko Waya! Anko Waya!" sijui alilisikia wapi. Nikaitika yote matatu, nikaingiza mfuko wangu ndani.